Maswali ya Wasomaji: Kozi wa Amur, Msafiri wa Gramu 150

Katika wiki za karibuni tumepokea barua kadhaa zinazomhusu ndege mmoja, ingawa wengi wa walioziandika hawakumjua kwa jina. Tumeona ni vyema toleo hili tulitumie kumjibu kila mmoja kwa nafasi inayomstahili.

Mwishoni mwa Novemba, siku mbili baada ya mvua kubwa, anga ya kijijini kwetu ilijaa ndege wadogo wanaofanana na vipanga, wenye miguu ya rangi ya chungwa. Walikuwa mamia. Majirani waliingiza vifaranga ndani, na wengine walisema ni ishara ya balaa. Baada ya siku chache hatukuwaona tena. Ni ndege gani hawa, walitoka wapi na wamekwenda wapi? – Msomaji, karibu na Voi, Kenya

Ndugu msomaji, wakati ulioutaja, mvua iliyotangulia, wingi wa kundi na rangi ya miguu vyote vinamwelekea kozi wa Amur. Jina hilo limetokana na mto Amur, ambao kwa sehemu kubwa ndio mpaka kati ya Urusi na China. Anazaliana katika eneo hilo la mashariki ya mbali ya Urusi, pamoja na kaskazini-mashariki mwa Mongolia na China, hadi Korea Kaskazini. Hajijengei kiota, bali hutumia viota vilivyoachwa na ndege wa jamii ya kunguru, hutaga humo mayai matatu au manne, na hulea makinda yake katika majira mafupi ya joto, wakati wadudu ni wengi. Baridi inapoanza kubisha hodi mwezi wa Septemba na wadudu kupungua, huondoka huko na kuelekea kusini-magharibi, na safari hiyo humfikisha hadi Afrika Kusini na nchi jirani zake. Ninyi mmemwona akiwa njiani.

Kumtambua si kazi ngumu ukipata nafasi ya kumtazama ametulia juu ya waya wa umeme. Dume ana rangi ya kijivu iliyokoza, karibu na masizi, manyoya ya mapaja na ya chini ya mkia ni mekundu ya hudhurungi, na miguu pamoja na ngozi inayozunguka macho ni ya rangi ya chungwa. Anaporuka, sehemu ya mbele ya bawa lake kwa chini huonekana nyeupe kabisa, na weupe huo dhidi ya wingu jeusi la mvua hauwezi kukupotea. Jike ni tofauti kiasi kwamba watu wengi humdhania ndege mwingine: kifua chake ni cheupe chenye michirizi na mabaka meusi, na chini ya jicho ana alama nyeusi inayofanana na sharubu. Mara nyingi kundi lao huchanganyika na kozi wa aina nyingine wanaosafiri majira hayohayo, kwa hiyo usishangae ukiona mgongo mwekundu wa hudhurungi hapa na pale.

Kuhusu vifaranga, majirani zako wawe na amani. Dume ana uzito wa gramu 97 hadi 155, na jike, aliye mkubwa kidogo, mara chache sana hupita gramu 180. Chakula chake katika bara letu ni wadudu: kumbikumbi, panzi, nzige na mbawakavu. Anayenyakua vifaranga uani kwa kawaida ni mwewe, ambaye ni mkubwa mara kadhaa na mwenye mkia uliopasuka katikati, au vipanga wengine wakaazi ambao tunao mwaka mzima.

Kwa nini walikuja baada ya mvua na kuondoka upesi? Kwa sababu walifuata kumbikumbi. Ardhi ikishalowa, kumbikumbi hutoka vichuguuni kwa maelfu, na ndege hawa huwapata wakiwa bado angani. Ukimtazama kozi mmoja kwa makini utaona kwamba hamkamati mdudu kwa mdomo. Humkwapua kwa mguu, kisha huukunja mguu kuelekea mdomoni huku akiendelea kuruka, humng'oa mabawa na kuyaachia yapeperuke, humla, na papo hapo hugeuka kumtafuta mwingine. Kumbikumbi wa eneo moja wakiisha, na mvua ikiwa imesogea mbele, naye husogea. Nyika ya Tsavo, ambayo iko jirani yenu, ni mojawapo ya maeneo ya Afrika Mashariki anayopitia kwa wingi mwezi wa Novemba na Desemba, na ndege waliofungwa vifaa vya kufuatiliwa na setilaiti wamethibitisha hivyo. Kwa hiyo kama kuna ishara yoyote katika ujio wake, ni kwamba vuli imefika na ardhi imeshiba maji.

Mimi ni nahodha mstaafu wa jahazi. Nimeelezwa kwamba ndege hao hutoka India na kuvuka bahari moja kwa moja hadi pwani ya Afrika bila kutua. Kwa mtu aliyeivuka bahari hiyo, jambo hili ni gumu kuaminika, kwani kozi si ndege wa majini na hawezi kupumzika juu ya mawimbi. Hufanyaje? – Msomaji, Lamu

Mzee wetu, shikamoo. Uliyoelezwa ni kweli, na wewe ni mmoja wa watu wachache ambao hawahitaji kufundishwa nusu ya jibu, kwa kuwa nusu hiyo ni upepo.

Nianze na umbali. Wengi wa kozi hawa, baada ya kutoka kaskazini mwa China na kuizunguka milima ya Himalaya kwa upande wa mashariki, hutua kaskazini-mashariki mwa India, hasa katika majimbo ya Nagaland, Manipur na Assam, kuanzia katikati ya Oktoba. Hukaa huko kwa wiki chache wakila kumbikumbi, ambao hutoka kwa wingi wa ajabu majira hayo, na wananenepa. Kisha huondoka. Hupita Bangladesh, huikata Ghuba ya Bengal au hufuata kingo zake, huvuka bara la India kutoka mashariki hadi magharibi, na kutokea Bahari ya Arabu. Kutoka hapo hadi pwani ya Somalia ni kilomita kati ya 2,500 na 3,000 za maji matupu, ambazo huzimaliza kwa siku mbili au tatu, usiku na mchana. Baadhi ya ndege waliofuatiliwa walitoka Nagaland hadi Somalia kwa safari moja isiyokatizwa, zaidi ya kilomita 5,000 kwa siku tano hadi sita. Sijui ndege mwingine wa jamii ya vipanga anayethubutu kuvuka bahari kuu kwa kiasi hicho kila mwaka.

Sasa niuendee upepo. Nanyi manahodha mliusubiri kaskazi utulie ndipo majahazi ya Uarabuni na India yashuke Mombasa, Lamu na Unguja. Kozi huyu huvuka mapema zaidi, kati ya katikati ya Novemba na mwanzo wa Desemba, wakati ambapo juu ya maji kaskazi bado ni mchanga. Lakini yeye hayuko juu ya maji. Kwenye kimo cha mita 1,000 na zaidi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki huwa umekwisha kushika njia wakati huo, na ndege aliye katika kimo hicho husukumwa kutoka nyuma. Upepo huo huandamana na ule ukanda ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana. Kila mwaka ukanda huo husogea kuelekea kusini kuanzia Oktoba, na ndio unaotuletea mvua za vuli. Ndiyo maana nasema kwamba kozi huyu hakuwafuata tu watu wa Voi kwa bahati: upepo uliomvusha na mvua iliyowatoa kumbikumbi vichuguuni ni mambo mawili ya mwendo mmoja wa hewa, na ndege huyu ameipanga safari yake yote juu ya mwendo huo.

Nusu ya pili ni mwili wake. Mabawa yake ni marefu na yaliyochongoka, na kutoka ncha hadi ncha hufikia sentimita 63 hadi 71 kwa ndege ambaye mwili wake hauzidi sentimita 30. Tai na korongo hutegemea hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini ili waelee bila kupiga mabawa, na kwa kuwa baharini hewa hiyo ni haba, wao huizunguka bahari na kupita kwenye shingo nyembamba za ardhi kama Suez. Kozi wa Amur anaweza kupiga mabawa kwa saa nyingi mfululizo, kwa hiyo hafungwi na nchi kavu. Nguvu huitoa katika mafuta aliyoyahifadhi chini ya ngozi huko Nagaland. Mafuta yana faida mbili kwa msafiri wa namna hii: kwa uzito uleule hutoa nguvu zaidi ya mara mbili ya ile inayotolewa na wanga, na yanapotumika mwilini hutoa maji pia, jambo ambalo ni kubwa kwa kiumbe asiyeweza kunywa maji ya chumvi.

Na pengine hula njiani. Mwaka 2009, mwanabayolojia Charles Anderson, aliyeishi Maldives kwa miaka mingi, aliandika kuhusu kereng'ende wanaofika visiwani humo kwa mamilioni kuanzia Oktoba, ilhali Maldives ni visiwa vya matumbawe ambavyo karibu havina maji baridi ya juu ya ardhi wanakoweza kuzaliana. Hoja yake ilikuwa kwamba kereng'ende hao, ambao urefu wao ni kama sentimita tano, hutoka India na kuelekea Afrika Mashariki kwa upepo uleule wa juu, wakiyafuata madimbwi ya mvua ili watage mayai, na kwamba kozi wa Amur pamoja na ndege wengine wala wadudu huvuka katika majira hayohayo na huenda wakajilisha kwa hao kereng'ende. Mimi naiona hoja hiyo kuwa yenye uzito mkubwa, kwa sababu inaeleza kwa pamoja majira, kimo na njia.

Wakati wa kurudi, mzee wangu, mambo hugeuka kama mnavyogeuza ninyi. Huondoka kusini mwa Afrika kati ya Machi na Aprili, hupanda kupitia Tanzania na Kenya wakati wa masika, na mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei huiacha pwani ya Somalia huku kusi ikianza kuvuma kuelekea India. Mzunguko mzima, kwenda na kurudi, unaweza kufikia kilomita 22,000 kwa mwaka.

Nilisoma kwamba huko India ndege hawa walinaswa kwa nyavu kwa maelfu na kuuzwa sokoni. Ningependa kuwaeleza wanafunzi wangu yaliyotokea, lakini kwa uhakika. – Mwalimu, Dodoma

Mwalimu, ni kweli. Mahali ni bwawa la Doyang, wilaya ya Wokha, jimbo la Nagaland. Bwawa hilo la kuzalisha umeme lilipojaa lilimeza mashamba ya bondeni, na baadhi ya wanavijiji waligeukia uvuvi. Kozi wa Amur nao wakaanza kulala kwa wingi katika misitu ya kandokando ya bwawa hilo. Watu walizitundika nyavu za kuvulia kwenye njia ya ndege wanapoingia malaloni jioni na kutoka alfajiri, wakawatoa ndege mmoja mmoja, wakawahifadhi hai ndani ya vyandarua, kisha wakawauza wakiwa hai, wamenyonyolewa au wamekaushwa kwa moshi.

Oktoba 2012, mwandishi wa habari Bano Haralu pamoja na wenzake wahifadhi, Ramki Sreenivasan, Shashank Dalvi na Rokohebi Kuotsu, walifika huko na kurekodi kila kitu kwa picha. Makisio yao yalikuwa ndege 12,000 hadi 14,000 kwa siku, na kati ya 120,000 na 140,000 kwa msimu. Dunia ilishtuka. Nami nakiri kwamba kila ninapozisoma tarakimu hizo moyo huniuma, kwa maana kila mmoja wa ndege hao alikuwa amebakiza bahari tu afike kwetu.

Lakini naomba wanafunzi wako wasiishie hapo, kwa sababu la kustaajabisha zaidi ni lililofuata. Mwaka 2013 haukurekodiwa mtego hata mmoja Doyang. Haikuwa kazi ya askari peke yao. Katika Nagaland ardhi na misitu ni mali ya vijiji na koo, kwa hiyo amri ya serikali isiyokubaliwa na kijiji haifiki mbali. Mabaraza ya vijiji vya Pangti, Asha na Sungro yalikaa, yakapiga marufuku uwindaji huo na kuweka faini. Makanisa yaliufikisha ujumbe kwa waumini. Na vijana, baadhi yao wakiwa walewale waliokuwa wakitega nyavu, wakawa walinzi wa malalo. Watu hao walipoteza kipato cha kweli, nao hawakuwa matajiri. Baadaye wageni walianza kuja kuwatazama ndege na kulala katika nyumba za wanakijiji, jambo lililorudisha sehemu ya kipato hicho, ingawa si kwa kila kaya. Ukiniuliza mimi, hatua ile ya mabaraza ya vijiji ni miongoni mwa matendo makubwa zaidi ya uhifadhi katika karne hii, na inastahili kufundishwa darasani kwa majina ya vijiji vyenyewe.

Novemba 2013 ndege watatu walifungwa mgongoni vifaa vya gramu tano vinavyotumia nguvu ya jua, katika kazi ya pamoja ya wataalamu wa India na Hungary. Walipewa majina ya Naga, Wokha na Pangti, ili wenyeji wajione ndani ya safari hiyo. Walivuka hadi Afrika, na Naga alirudi Doyang mwaka uliofuata. Hebu fikiria mtu wa Pangti anavyoambiwa kwamba Pangti yuko Kenya.

Je, ndege hawa ni msaada kwa mkulima? Na dawa tunazopuliza zinawadhuru? – Mkulima, Kilosa

Ni msaada, lakini usiwategemee: wanakula panzi, nzige na kumbikumbi kwa wingi, ila hukaa siku chache tu na kuondoka. Faida yao huonekana zaidi Afrika Kusini, ambako hukaa kuanzia Desemba hadi Machi na hulala kwa maelfu katika mikaratusi mirefu iliyo katikati ya miji midogo kama Newcastle.

Kuhusu dawa, jibu ni ndiyo. Ndege anayekula mamia ya wadudu kwa siku hukusanya mwilini kila kilichomo ndani ya wadudu hao. Dawa ya fenthion, inayomwagwa kwa ndege za kilimo juu ya malalo ya kweleakwelea katika nchi zetu, ni sumu kali kwa ndege wote na haichagui. Unapoweza, puliza shamba lililoshambuliwa tu badala ya bonde zima, na usipulize jioni ambapo kundi la kozi limeonekana likiwinda juu ya shamba lako. Wakiondoka baada ya siku mbili au tatu, utaendelea na kazi yako.

Assalamu alaikum. Huku Oman kuna kozi mdogo wa kijivu anayezaa kwenye visiwa vya pwani wakati wa joto kali. Je, ndiye huyo mnayemzungumzia? – Msomaji, Muscat

Waalaikumu salamu. Hapana, huyo ni ndugu yake, kozi wa rangi ya masizi, anayezaa katika visiwa kama Fahal na Daymaniyat. Miguu yake ni ya manjano, naye hana wekundu mapajani. Mpango wake wa maisha umekaa kinyume na wa ndege wengi: husubiri hadi Julai na Agosti ndipo atage, ili makinda yaanguliwe wakati ndege wadogo kutoka Ulaya na Asia wanapopita wakielekea Afrika, awalishe kwa hao. Baadaye naye huhama, hupita Ethiopia, Kenya, Tanzania na Msumbiji, na majira ya baridi huyamalizia Madagascar. Kwa hiyo anakutembelea wewe na anawatembelea ndugu zako wa Tanzania. Idadi yake inapungua, na hali yake inatia wasiwasi kuliko ya kozi wa Amur, hivyo ukienda visiwani humo kwa boti usikaribie miamba yenye viota mwezi wa Agosti na Septemba. Mzazi akifukuzwa kwenye kiota kwa muda mfupi tu, jua la huko linaweza kuliua yai.

Mwanangu aliokota ndege wa aina hii amekufa kando ya barabara, na mguuni ana pete ya chuma yenye namba. Tufanye nini? – Msomaji, Singida

Poleni, na mmefanya vyema kumwokota. Msiitupe pete hiyo. Andikeni namba na maneno yote yaliyochongwa juu yake jinsi yalivyo, tarehe, mahali alipookotwa kwa jina la kijiji na barabara, na hali aliyokutwa nayo. Mkiweza, mpigeni picha akiwa na pete mguuni na mabawa yakiwa yamekunjuliwa. Tanzania, pelekeni taarifa hizo katika ofisi ya wanyamapori ya wilaya au Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI. Kenya, katika ofisi ya Shirika la Wanyamapori au Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Pete zina anwani ya nchi ilikofungwa, na taarifa hufikishwa huko. Kama mgongoni kuna kifaa kidogo chenye waya mwembamba, msikikate wala kukifungua. Kiacheni kipate mwanga wa jua na mtoe taarifa siku hiyohiyo, kwa sababu huenda bado kinatuma mahali kilipo, na watafiti wanaokisubiri wataweza kuwaeleza ni lini ndege huyo alifungwa kifaa hicho na wapi.